Sanduku la babu yako linakuja na basi la Ijumaa

Mwanangu,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, mvua tu imetufungia ndani. Picha ya Land Rover uliyonunua nimeiona, na nimeitazama mpaka macho yakalowa.

Umesema spana ya 13 inateleza kwenye nati. Acha kabisa, baba, usiguse nyingine. Hilo ni gari la inchi. Nati ya nusu inchi ina milimita 12.7, hiyo 13 yako inaingia ikicheza, ukikaza inakula kona zote. Nilifanya hivyo hivyo nikiwa na miaka 14, kwenye Land Rover ya shamba la mkonge aliyoletewa babu yako. Nati ikawa duara kama shanga. Nikakimbilia jikoni kwa bibi yako. Babu hakunigombeza. Aliing'oa kwa koleo, akaibana kwenye jiliwa, akashika tupa. Anapiga upande mmoja, anapuliza vumbi, anapima kwa spana ya 12, anapiga tena. Pande zote sita. Magharibi inaadhiniwa, nati imetulia ndani ya spana, haitikisiki. Akaniita niifunge mwenyewe.

Kwa hiyo nakutumia sanduku lake. Ni zito, nenda stendi na mwenzako.

Zile spana ni za East African Airways. Babu alikuwa fundi wao Nairobi, na shirika lilipovunjika mwaka 1977 alirudi nyumbani na sanduku hilo, godoro moja na sisi watoto watatu. Mimi nilikuwa na miaka 9. Alizifungulia injini za DC-3, ndege ya Kimarekani, kila kitu inchi. Injini moja ina silinda 14 zilizopangwa kama nyota. Ndege ikilala, oili huchuruzika hadi silinda za chini. Ukiwasha kwa pupa, pistoni inagota kwenye oili na fimbo yake inapinda. Ndiyo maana walianza kwa kuzungusha propela kwa mkono, polepole. Babu alikuja na tabia hiyo mpaka uani kwetu. Land Rover haina shida hiyo, lakini kila asubuhi aliizungusha injini yake kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia kwa mkono, mara tatu nne, swichi imezimwa, ndipo aiwashe. Nikiusikia ule mlio kitandani, najua kumekucha na baba yupo.

Nawe ukishika hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha kwa nguvu, gumba lililozunguka chuma linavunjika.

Chini ya trei kuna waya mwembamba, umeviringwa. Usiutupe. Kwenye ndege hupitishwa kwenye tundu la kichwa cha bolti, ukasokotwa na kufungwa kwa upande wa kukaza, ili mtikisiko usiilegeze. Msokoto wa babu ulikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka.

Spana ya 7/16 haimo. Kuna mtu aliiazima miaka mingi iliyopita, haikurudi, na babu aliiachia nafasi yake wazi mpaka anaondoka duniani. Land Rover itakudai hiyo kila siku. Pita kwenye gereji za hapo Arusha, ukiipata inunue, uiweke pale pale, kati ya 3/8 na nusu.

Mama yako