Mada ya Jumamosi: nyavu za DNA

Wazazi wapendwa, hamjambo. Jumamosi saa nane mchana tukutane Kondele kama kawaida. Tutazungumzia nyutrofili, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walieleza kwamba seli hizi hurusha nje DNA yao wenyewe, imejaa protini kali, ikawa wavu wa kunasa na kuua bakteria. Kinga ya ajabu kweli! Lakini kwa watoto wetu wenye selimundu, chembe nyekundu zikipasuka huachia himu, yaani sehemu ya chembe hizo yenye madini ya chuma, nayo inaweza kuchochea nyavu hizo hata bila vijidudu. Zikizidi, huumiza kuta za mishipa na kugandisha damu. Dawa za kuzizuia bado zinatafitiwa, kwa hivyo walioandikiwa haidroksiurea, dawa ya selimundu, tafadhali wasiiache. Mje na vitabu vya kliniki.