Barua ya wazi kwa waongoza mahujaji na watunza sakristia: umri wa mfupa si jina la mtakatifu

Wanangu,

Masalia ya mtakatifu yakiletwa parokiani, au mkiwa na mahujaji Roma, swali huwa lile lile: ni yeye kweli? Baadhi yenu mmezoea kujibu, “Wanasayansi wameshathibitisha.” Jibu hilo liacheni. Maabara hupima umri wa mfupa. Jina la mwenyewe haliwezi kulipima.

Tazameni Sveti Ivan, kisiwa cha Bulgaria katika Bahari Nyeusi. Mwaka 2010 wanaakiolojia walikuta kisanduku cha marumaru chini ya altare ya kanisa la kale, ndani yake mifupa sita ya binadamu na mitatu ya wanyama. Karibu na hapo palikuwa na kijisanduku cha jiwe la volkano chenye maandishi ya Kigiriki, yakimtaja Yohane Mbatizaji na sikukuu yake ya 24 Juni. Mwaka 2012 wataalamu wa Oxford walisema mfupa mmoja wa kidole ni wa karne ya 1. Magazeti yakapiga vigelegele. Wachache walisoma hadi kwenye ile mifupa ya wanyama, iliyoonekana kuwa ya zamani zaidi kwa miaka kama 400. Waliokufa karne ya 1 ni wengi mno. Semeni hivi: kipimo hakikupinga mapokeo. Basi, mkomee hapo.

Kukataa ndiko kipimo kinakoweza zaidi. Mfupa wa paja unaotunzwa kanisa la Santi Apostoli, Roma, kama wa Mtume Yakobo, umepimwa na kuonekana ni wa kati ya mwaka 214 na 340. Yakobo alikuwa amefariki zamani. Msiharakishe kusema ni utapeli, maana waliouhamishia pale huenda waliamini kwa moyo safi. Yale yaliyodaiwa kuwa ya Yoana wa Arko, mtakatifu wa Ufaransa, ni habari nyingine: mwaka 2007 ilibainika ni ubavu wa maiti iliyokaushwa ya Misri pamoja na mfupa wa paka.

Kipimo chenyewe kinataka mfupa kiasi cha nusu gramu hadi gramu moja. Asidi huyeyusha madini, ikibaki kolajeni, yaani protini ya mfupa, ambayo husafishwa na kupimwa kaboni-14 yake, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita. Hapo ndipo makosa ya sakristia huonekana. Nta ya nyuki ina kaboni ya juzi, hivyo mfupa huonekana mchanga kuliko ulivyo. Vanishi ya mafuta ya petroli haina kabisa kaboni-14, basi huuzeesha. Hata aliyekula samaki wa baharini maisha yake yote mifupa yake husomeka mikuukuu, hadi hesabu irekebishwe. Vinasaba ndivyo vyepesi zaidi kuharibika: kila aliyeushika au kuubusu mfupa ameacha vyake. Kwa hiyo, msiung'arishe wala kuupaka chochote, na mahujaji wabusu kioo.

Kufungua jeneza la mtakatifu au mwenyeheri si kazi ya parokia. Maelekezo ya Vatikano ya Desemba 2017 yanadai kibali cha Roma kwanza. Siku yenyewe wawepo mjumbe wa askofu, mtetezi wa haki (anayeangalia kwamba sheria ya Kanisa inafuatwa), mwandishi wa kumbukumbu, mtaalamu wa anatomia na mashahidi wasiopungua wawili, wote wakila kiapo. Mabaki huwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha heshima, hufutwa vumbi, kisha kila kipande huorodheshwa.

Kwa lugha ya kuigwa, mfuateni Papa Pio XII. Baada ya uchimbaji wa 1939 hadi 1949 chini ya Basilika la Mtakatifu Petro, alitangaza mwaka 1950 kwamba kaburi la Petro limepatikana, ila kuhusu mifupa iliyookotwa pale alisema haiwezekani kuthibitisha kwa hakika kuwa ni ya Mtume. Kaburi kivyake, mifupa kivyake.

Na mkiletewa masalia ya kununua mtandaoni, kataeni. Kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuyauza. Yakija kwa njia halali, geuzeni kile kijisanduku cha duara mtazame nyuma: nyuzi, kwa kawaida nyekundu, zimepigwa lakiri. Uzi ukiwa umekatika, hati ya uhalisi inayoambatana nacho haina nguvu tena, kwa sababu yeyote angeweza kubadilisha kilichomo. Msifunge upya wenyewe. Andikeni tarehe mliyokiona hivyo, kipigeni picha, mkipeleke pamoja na hati yake ofisi ya askofu.

Mzee wenu