Uigaji wa kompyuta usichukue nafasi ya wagonjwa

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu watafiti wanaotumia uigaji wa kompyuta, yaani programu yenye watu wa kubuni wanaotenda kama watu halisi, kupima mtazamo wa umma juu ya huduma za kidijitali za afya ya akili. Mbinu hiyo ni ya haraka, lakini watu wa kubuni ndani ya programu hufuata kanuni walizowekewa. Aibu ya mgonjwa anayeficha simu asionekane akiomba msaada haimo, isipokuwa mtafiti ameikumbuka.

Mwaka 1966 mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alichapisha ELIZA, programu ya mazungumzo, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi watu walivyoifungulia mioyo. Kama mtengenezaji hakuyakisia hayo, uigaji nao unaweza kuyakosa.

Naomba watafiti watangaze makisio yao, kisha wayapime kwa majibu ya wagonjwa halisi kabla wizara yoyote haijapanga bajeti.

Msomaji wenu