Mashine za TENS zisiuzwe bila maelekezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye maumivu sugu ya magoti, nyonga, mabega na viuno hapa Kigoma, na vilevile na wanaowauzia mashine za TENS. Ni zile mashine ndogo za betri za kutuliza maumivu kwa mapigo ya umeme, zenye nyaya na pedi za kubandika, zinazopatikana madukani na mitandaoni, au zinazotumwa na watoto walio Dar es Salaam kwa ajili ya wazazi wao. Mzee anapewa boksi lenye maandishi ya Kiingereza au Kichina, anaambiwa "bandika panapouma, washa," basi. Baada ya wiki mbili mashine iko kabatini, au ngozi ina malengelenge.

Nianze na lililo zito. TENS haitibu kiungo. Gegedu lililolika gotini halirudi kwa umeme, na baridi yabisi haiachi kula viungo kwa sababu pedi zimebandikwa. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa viungo wa Marekani, na ule wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2022, yote miwili haipendekezi TENS kwa goti lililolika, kwa kuwa ushahidi wa faida yake ni hafifu. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba utapona anakudanganya.

Kwa nini basi nisiseme tu watu waache kununua? Kwa sababu wapo wanaopata nafuu ya kweli mashine ikiwa inafanya kazi na kwa muda baada ya kuizima, na nafuu hiyo inatosha mtu kutembea hadi sokoni au kufanya mazoezi ambayo ndiyo yenye faida ya kudumu. Ikitumiwa sawasawa haina madhara makubwa. Kinyume chake, kumeza vidonge vya maumivu vya diklofenaki kila siku kwa miezi kunaweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Ila neno "sawasawa" ndilo linalokosekana, na ndilo lililonifanya niandike.

Jinsi inavyofanya kazi si uchawi. Ukigonga kiwiko ukutani, mkono mwingine unakimbilia kupasugua, na maumivu yanapungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mishipa ya fahamu minene, inayobeba habari za mguso, inaweza kuzuia ndani ya uti wa mgongo habari za maumivu zinazoletwa na mishipa myembamba, kama mlango unaofungwa. Mashine inaiamsha ile mishipa minene kwa mapigo madogo ya umeme. Kwa hiyo usipouhisi umeme vizuri, mlango haufungwi. Kosa la kwanza la watumiaji wengi ni hilo: wanaogopa, wanaweka nguvu ya chini mno, kisha wanasema mashine ni mbovu.

Kabla ya kununua, soma kilichoandikwa kwenye mashine yenyewe. EMS ni ya kukaza misuli, si ya kutuliza maumivu. Nyingine zina zote mbili, na nyingine zina programu 20 za "masaji" zisizosema kasi wala muda. Chagua inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya mapigo, inayoandikwa Hz, na upana wa pigo, unaoandikwa µs. Iwe na njia mbili, yaani nyaya mbili zenye pedi nne, maana goti linahitaji zote. Iwe ya betri. Ya kuchaji pia inafaa, ila usiivae ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa ukutani. Na kwa kuwa hiki ni kifaa tiba, muulize muuzaji kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Sasa ngozi. Huku kwetu watu wanapaka mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, au mengine ya mgando asubuhi na jioni, na pedi haishiki kwenye mafuta. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Nywele zikiwa nyingi zipunguze kwa mkasi. Usinyoe kwa wembe siku hiyo hiyo, kwani michubuko midogo itachoma. Usibandike juu ya kidonda, wala kwenye ngozi iliyotoka kupakwa dawa ya kuchua yenye pilipili au mentoli.

Kabla ya siku ya kwanza jaribu hisia. Fumba macho, mtu akuguse hapo mara kwa pamba, mara kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Usipoweza kutofautisha, usitumie mashine sehemu hiyo, kwa sababu ngozi yenye ganzi inaungua bila wewe kujua. Wenye kisukari cha siku nyingi wasiruke hatua hii.

Kwa goti, mfupa wa mbele haubandikwi. Weka pedi mbili juu ya goti kuelekea pajani, moja upande wa ndani na moja wa nje, na mbili chini ya goti vivyo hivyo, kila pedi ikiwa mbali na nyingine angalau sentimita 3. Wengine huunganisha njia moja kwa mshazari, juu nje na chini ndani, na njia ya pili kinyume chake, umeme upishane gotini. Jaribu mipangilio yote miwili. Kiunoni pedi zinakaa pande mbili za uti wa mgongo, si juu ya mfupa. Nyonga: moja ubavuni kwenye mfupa unaochomoza, nyingine nyuma kwenye tako. Bega: moja mbele na moja nyuma ya bega lenyewe, zisishuke kifuani.

Panga kasi kati ya 80 na 100 Hz na upana wa pigo kati ya 100 na 200 µs. Kwenye mashine za zamani zenye herufi B, N na M, anza na N, ambayo ni mapigo mfululizo. Nguvu iwe sifuri ndipo uwashe, kisha ipandishe polepole. Utahisi kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Endelea mpaka msisimko uwe mkali lakini unaovumilika, bila kuuma na bila misuli kurukaruka. Hapo ndipo pake. Baada ya dakika 5 hadi 10 utahisi kama umepungua, kumbe ni mwili umeuzoea. Pandisha tena kidogo. Kaa nao dakika 30 hadi 60, halafu zima na uikague ngozi. Wekundu unaoondoka ndani ya saa moja si tatizo. Ukibaki, au ngozi ikiwasha na kutoa vipele, huenda ni gundi ya pedi inayokukataa, basi pumzika na ubadilishe aina ya pedi.

Saa ya kuitumia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wengi huvaa wakiwa wamejilaza, wakati goti linauma likitembezwa. Vaa kabla ya kazi inayokuumiza, na ukiwa nayo fanya zoezi hili: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka paja likaze, hesabu hadi tano, shusha polepole. Rudia mara 10 kila mguu. Kwa anayepanda na kushuka vilima vya Manyovu au anayebeba dagaa pale Kibirizi, paja lenye nguvu ndilo linalolipunguzia goti mzigo. Fimbo nayo inasaidia, ila ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu unaouma. Ukitumia TENS kila siku kwa mpangilio ule ule, baada ya siku chache mwili unaweza kuizoea na nafuu ikapungua. Badili: leo 100 Hz, kesho M, ambayo hubadilisha mapigo yenyewe, au siku nyingine 2 hadi 4 Hz kwa dakika 20, na hapo misuli kucheza kidogo ni sawa.

Malalamiko ya "inachoma kama sindano" mara nyingi chanzo chake ni pedi, si mashine. Pedi ikikauka au ukingo wake ukinyanyuka, umeme wote unapita kwenye kipande kidogo cha ngozi. Pedi za gundi hudumu matumizi 20 hadi 30 zikitunzwa, na joto na vumbi la kiangazi hupunguza hata hapo. Ukimaliza, zima kwanza, kisha bandua kwa kushika ukingo wa pedi, usivute waya. Zirudishe kwenye plastiki yake, zifunge ndani ya mfuko, na uziweke mahali pa baridi kama pembeni ya mtungi wa maji. Zikianza kukauka, tone moja la maji kwenye gundi, lisambaze kwa kidole, subiri dakika mbili. Zikigoma, nunua nyingine. Kila mgonjwa awe na zake.

Umeme wa mashine ukija na kukatika, huenda waya umekatika ndani, kwa kawaida karibu na kichomeo. Hamishia waya huo kwenye njia ya pili. Tatizo likihama nao, waya ndio mbovu. Ukijaribu mashine, bandika pedi zote mbili kwenye mkono mmoja. Usishike moja kulia na nyingine kushoto, kwa maana umeme utapita kifuani.

Wapo wasiopaswa kuigusa bila kibali cha daktari: mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye kifafa, mwenye saratani, na mwenye damu iliyoganda mguuni. Pedi haziwekwi mbele ya shingo, kichwani wala karibu na macho, na njia moja isiwe na pedi kifuani na nyingine mgongoni. Usilale nayo, usioge nayo, usiendeshe bodaboda ukiwa umeivaa. Na kiungo kilichovimba ghafla, kikawa cha moto, mtu akawa na homa, hicho si cha mashine hata kidogo. Huenda kimeingiwa na usaha, na kuchelewa siku chache kunaweza kukiharibu kabisa. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wauzaji, ombi langu ni karatasi moja ya Kiswahili ndani ya kila boksi: mahali pa kubandika, kasi, muda, na nani asitumie. Kwa wenzangu wa fiziotherapia katika hospitali na vituo vya mkoa huu, mgonjwa akija na mashine yake mkobani, tusimkemee kwa kuinunua. Tumbandikie mara ya kwanza, tuchore kwa kalamu mahali pedi zilipokaa, na anayemhudumia nyumbani awepo anaona.

Wasalaam,

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Ujiji, Kigoma