Barua kwa Rehema kuhusu ndui na waliotufundisha kuchanja

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelipenda: nani hasa aligundua chanjo, na mbona kila kitabu kinamtaja Edward Jenner, yule daktari Mwingereza, peke yake? Kwa kifupi, Jenner aliikuta kazi imeshafika mbali. Kwa urefu, jibu linataka tuifuate ndui yenyewe, kwa sababu sijui ugonjwa mwingine ambao matabibu wa mataifa mengi hivi wamepokezana ujuzi wake hadi ukatoweka duniani.

Tuanze na dalili. Kirusi cha ndui kiliingia zaidi kwa njia ya hewa. Kwa siku 10 hadi 14 hivi mtu alikuwa mzima kabisa wala haambukizi. Ndipo homa kali ilipompiga, kichwa na mgongo vikamuuma vibaya, na baada ya siku 2 hadi 4 vipele vikaanza mdomoni na usoni, kisha mikononi, miguuni, hadi viganjani na nyayoni. Vilijaa usoni na kwenye mikono kuliko tumboni, na katika sehemu moja ya mwili vyote vilikuwa katika hatua moja. Hapo ndipo ndui inapoachana na tetekuwanga, ambayo hujaa zaidi kifuani na mgongoni, na kipele kipya huota kando ya kilichokwisha kukauka. Ndui ya aina kali iliua karibu watu 3 katika kila 10. Waliopona walibaki na makovu, na baadhi walipofuka.

Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy, Uajemi, aliyefanya kazi pia Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kizima cha kuitenganisha ndui na surua. Alisema maumivu ya mgongo ni alama ya ndui zaidi, na kichefuchefu na mahangaiko ni alama ya surua zaidi. Nadharia yake kwamba damu ya mtoto huchachuka ilikuwa na makosa, lakini macho yake hayakukosea, nami namheshimu kwa hilo kuliko wengi waliokuja baada yake.

Jambo moja lilijulikana kila mahali: aliyeugua ndui akapona, haimrudii. Kutokana na hilo watu wakajiuliza kama wanaweza kumwambukiza mtu kwa makusudi, lakini kwa wepesi. Ugumu wote ulikuwa kwenye kipimo.

Wachina, ambao njia yao ina maandishi tangu karne ya 16, walichagua magamba ya mtu aliyeugua kidogo tu, wakayatia katika kichupa kilichozibwa na kukibeba mwilini kwa mwezi hivi. Joto la mwili liliua virusi vingi polepole, vikabaki vichache. Magamba yakasagwa, unga ukapulizwa puani kwa mrija. Magamba mabichi mno yalileta ndui kamili, na yaliyokaa mno hayakuleta kitu. Mfalme Kangxi, aliyeugua ndui utotoni, aliwafanyia hivyo watoto wake mwenyewe.

Kwingine walipita kwenye ngozi. Huko Bengali, India, walitia usaha wa mwaka uliopita katika chale ndogo za mkono. Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Uturuki, alieleza mwaka 1717 jinsi bibi kizee alivyokuja na ganda la kokwa limejaa usaha, akachana ngozi kwa sindano na kutia kiasi kinachokaa kwenye ncha yake. Na Afrika pia ilikuwa na elimu hii. Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather mjini Boston, Marekani, alimweleza bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao, akamwonyesha na kovu mkononi. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston aliifuata njia hiyo, akianza na mwanawe. Mjini waliugua karibu watu 6,000, wakafa zaidi ya 800. Waliochanjwa walizidi 240 kidogo, wakafa 6. Yaani mmoja katika 7 upande mmoja, mmoja katika 40 upande wa pili. Ukitaka jina linalosahauliwa isivyo haki, Rehema, mimi nakupa la Onesimus.

Kwa nini usaha uleule uue kidogo ukipitia ngozini? Kirusi kinachovutwa kwa pumzi hupata siku nyingi za kuzaana kimyakimya kabla mwili haujajihami. Kilichotiwa kwenye ngozi hukutana na askari wa mwili papo hapo, hutoa kidonda mahali pamoja, na kinapoanza kuenea kinga imeshaanza kujengwa. Kwa hiyo kina cha chale kilikuwa na maana kubwa. Madaktari wa Uingereza waliharibu kwa kukata sana, na juu yake wakamtoa mgonjwa damu, wakamharisha, wakamnyima chakula kwa wiki kadhaa. Jenner mwenyewe alipitishwa katika mateso hayo akiwa na miaka 8. Familia ya Sutton ilirekebisha mambo katika miaka ya 1760: mkwaruzo mdogo usiotoa damu, usaha wa mapema, na hakuna kumtoa mtu damu.

Ila kasoro moja haikuwa na dawa. Aliyechanjwa hivyo alikuwa na ndui ya kweli, na akitembea mtaani alimwambukiza jirani ndui kamili. Uingereza ilipiga marufuku njia hii mwaka 1840.

Hapo ndipo Jenner anapoingia. Wakulima walijua kwamba wakamuaji waliopata ndui ya ng'ombe mikononi hawaugui ndui ya watu, na mwaka 1774 mkulima Benjamin Jesty alikuwa ameshamchanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe. Jenner aliongeza uthibitisho. Tarehe 14 Mei 1796 alitoa majimaji kwenye kidonda cha mkamuaji Sarah Nelmes, akayatia katika chale mbili fupi mkononi mwa James Phipps, mtoto wa miaka 8. Tarehe 1 Julai akamtia usaha wa ndui yenyewe, na haukushika. Mwaka 1798 akachapisha matokeo, watu wote wakayasoma. Huo ndio mchango wake, nao si mdogo. Lakini leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio lile juu ya mtoto.

Baada ya Jenner tatizo likawa kuisafirisha dawa ikiwa hai. Ilikaushwa kwenye nyuzi au kati ya vioo viwili, na joto likaiua njiani. Njia ya uhakika ilikuwa mkono kwa mkono: unamchanja mtu, baada ya siku 9 au 10 unachukua majimaji ya lengelenge lake kumchanjia mwingine. Daktari Mhispania Francisco Javier de Balmis alivuka Atlantiki hivyo mwaka 1803, na watoto yatima 22 melini chini ya uangalizi wa Isabel Zendal, wakichanjwa wawili wawili ili mmoja asiposhika yuko mwenzake. Watoto wale hawakuulizwa. Na njia yenyewe ilibeba maradhi mengine: huko Rivalta, Italia, mwaka 1861 watoto wengi waliambukizwa kaswende kwa sababu mtoto aliyetolewa majimaji alikuwa nayo. Ndiyo maana wakahamia kuotesha dawa kwenye ngozi ya ndama na kuichanganya na glisarini, inayoua bakteria na kukiacha kirusi. Bado nchi za joto ziliikosa, hadi mtaalamu Mwingereza Leslie Collier alipopata, katika miaka ya 1950, njia nzuri ya kuikausha ikiwa imegandishwa. Dawa hiyo ilistahimili nyuzi 37 kwa mwezi mzima na zaidi.

Sasa sindano, kipande ninachokipenda kuliko vyote. Benjamin Rubin aliibuni katika miaka ya 1960: kijiti cha chuma chenye ncha mbili kama uma mdogo. Ukiichovya kwenye dawa, kati ya ncha hubaki tone la mililita 0.0025, basi. Hupaki spiriti kwenye ngozi, kwa sababu spiriti huua dawa. Unaishika wima, kifundo cha mkono wako kimetulia, unadonoa mara 15 haraka katika eneo la upana wa milimita 5. Damu ikijitokeza kidogo baada ya sekunde 15 au 20, umefanya sawa. Isipoonekana, umegusa juu juu. Siku ya 3 au 4 kinatokea kipele, kinakuwa lengelenge, siku ya 8 au 9 kina usaha, na gamba huanguka baada ya wiki 3 hivi. Pasipo lengelenge hakuna kinga, na mchanjaji hurudia. Dozi moja ya njia ya zamani ilitosha watu 4, na mtu asiye na elimu ya udaktari aliijifunza kwa muda mfupi.

Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni kali mwaka 1967, hata hivyo, kuchanja kila mtu hakukutosha. Daktari Mmarekani William Foege, akiwa na upungufu wa dawa mashariki mwa Nigeria, alikuwa ameshaona kwamba ukimtafuta kila mgonjwa na kuwachanja wote waliomzunguka, ugonjwa hukosa pa kwenda. Hilo liliwezekana kwa sababu ndui haikujificha kwa mnyama yeyote, na mgonjwa alionekana kwa macho. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nje ya maabara alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, aliyewaelekeza njia wagonjwa wawili ndani ya gari kwa dakika chache. Alitokwa na vipele tarehe 26 Oktoba 1977. Awali walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Alipona, na baadaye akahimiza chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013. Tangazo la kutoweka kwa ndui lilitolewa tarehe 8 Mei 1980.

Na lile swali lako la mwisho, kama kovu la mama begani ni la chanjo ya ndui au ya kifua kikuu: tazama kingo. La ndui mara nyingi ni pana, limebonyea, na lina mistari inayotawanyika kuelekea pembeni. La chanjo ya kifua kikuu huwa dogo, la mviringo, na mara nyingi limeinuka. Yakikutatiza, angalia mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu baada ya 1980 nchi ziliacha kuchanja ndui, na kijana mwenye kovu begani karibu hakika ni la kifua kikuu.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Salim