Mbwa wa kazi huuawa na tumbo

Ndugu Mhariri,

Niliongoza mbwa wa kazi miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Uyole. Watu huniuliza habari za risasi. Mimi nakumbuka matumbo. Mbwa mwenye kifua kikubwa, kama German Shepherd, akishiba kisha akakimbizwa, tumbo huweza kujaa gesi na kujipinda. Anajikamua kutapika, hakitoki kitu. Asipopasuliwa haraka, saa chache tu amekufa. Jeshi la Marekani huwashonea mbwa wake tumbo ubavuni mapema ili lisijipinde. Sisi tusio na huduma hiyo tugawe chakula mara mbili, mbwa apumzike kwanza. Na baridi ya Julai isiwadanganye wenye mbwa wa ulinzi Mwanjelwa: kupe wapo, na chanjo ya kichaa cha mbwa haingoji joto.

Mstaafu,
Uyole, Mbeya