Usitie sahihi kabla hatujazungumza

Tanga, 14 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi zikufikie. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa baba yako bado analalamikia goti. Kaka yako ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu, kwa sababu yaliyomo siwezi kuyasema kwa sauti bila kukatizana nawe.

Alipopita hapa Ijumaa baada ya sala, alinieleza kwamba Alhamisi ijayo utakwenda kutia sahihi mkopo wa pili ili ununue mashine nyingine ya kudarizi, yenye vichwa viwili, yaani inayodarizi nguo mbili kwa mara moja, na kwamba dhamana itakuwa mashine uliyonayo sasa. Wewe mwenyewe hukuniambia. Mwezi uliopita ulinililia kwenye simu ukisema umechoka na unataka kufunga fremu, uuze kila kitu, na leo nasikia unaongeza. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa maana mtu aliyechoka anaweza kutia sahihi ili tu apumzike na mawazo. Nakuomba usitie sahihi kabla hatujazungumza.

Zile kurasa za daftari lako alizoniletea nimezisoma kwa kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisahihisha hesabu za darasa la sita. Kwanza nikupongeze: umeandika kila siku, hata siku ambazo hukuingiza kitu, na mimi katika miaka yangu yote ya kushona kofia sikuwahi kuandika chochote. Kwa miezi minne wastani wa mapato yako ni shilingi 624,000 kwa mwezi. Kodi ya fremu ni 200,000, msaidizi wako unamlipa 180,000, umeme 40,000, nyuzi na sindano na kile kitambaa kigumu cha kuweka nyuma 90,000, na rejesho la mkopo 260,000. Jumla ni 770,000. Kwa hiyo kila mwezi unapungukiwa 146,000, na sasa nimeelewa kwa nini ulimkopa shangazi yako ukasema ni ya matibabu.

Hilo la shangazi sikupenda, na nitamlipa mimi. Tuliache hapo.

Linalonitia hofu ni jingine. Umesema nembo ya kawaida ya shule ina mishono 9,000, na kwamba mashine unaiendesha kwa mishono 700 kwa dakika, kwa sababu ukiipeleka mbio zaidi uzi unakatika. Hiyo ni kama dakika 13, na ukiongeza kubana kitambaa kwenye pete, kubadili rangi na kukata nyuzi, ni nembo 3 kwa saa. Kwa saa 8 ni nembo 24, na kwa bei yako ya 2,000 ni 48,000 kwa siku. Siku 26 za kazi zingekupa 1,248,000. Wewe unaingiza 624,000, ambayo ni nusu kamili. Maana yake, mwanangu, mashine uliyonayo inalala nusu ya mwezi. Sasa niambie hiyo ya pili itafanya kazi gani, wakati ya kwanza haijapata kazi ya kutosha? Wateja wa fulana wameshahamia kwenye nembo za kupigwa chapa kwa moto kwa sababu ni rahisi na zinapatikana siku hiyo hiyo, na hao hawatarudi kwa kuwa umeongeza vichwa.

Tena bei yako unaipanga kwa jicho. Ile nembo ya hoteli yenye mishono 21,000, ambayo inakula nusu saa nzima, umeitoza 2,000 ile ile ya nembo ndogo ya shule. Fundi anayeuza mishono ahesabu mishono. Na ile kazi ya kuchora nembo upya kwenye kompyuta mpaka mashine iisome, kazi inayokukesha hadi saa 8 usiku, sikuona mahali hata pamoja ulipomtoza mtu.

Kuhusu ile shule iliyochukua sweta 300 mwezi Januari ikakulipa nusu, najua utasema mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mteja mkubwa haombwi arubuni, kwamba ni kumvunjia heshima. Nilisema hivyo. Laki tatu hizo zingekuwa mkononi mwako leo. Na wale jamaa niliokuwa nikiwatuma kwako kila Idi uwadarizie kanzu kwa bei ya nyumbani, nimewahesabu katika daftari, ni 11, na mbele ya majina 7 umeandika sifuri. Hukunilaumu hata siku moja. Kuanzia sasa atakayekuja akisema ametumwa na mama, mwambie mama amesema alipe.

Kuna jambo ambalo si la barua, lakini naliandika. Kofia za mashine zilipoingia kwa wingi, kofia yangu moja ya vito, yaani ya vitundu vya kudariziwa kwa mkono, ambayo ilinichukua wiki nyingi kutoboa na kuzungushia uzi tundu moja moja, ilikuwa haiulizwi tena. Mimi niliendelea. Niliendelea kununua vitambaa na nyuzi, na nikawalipa wale wanawake wawili waliokuwa wakinisaidia, kwa sababu mtaa mzima ulinijua kwa kofia na niliona haya kuonekana nimeshindwa. Bangili za bibi yako hazikuibwa. Baba yako anajua.

Ndiyo maana narudia, usitie sahihi Alhamisi. Mkopo wa sasa umebakisha marejesho matano, yaani unakwisha Januari, mwezi uleule ambao shule zinafunguliwa na sare zinatakiwa. Ukishaumaliza, mashine ni yako na hakuna mtu anayeweza kuja kuibeba. Ukiiweka dhamana sasa, umeirudisha mikononi mwa watu baada ya kuilipia karibu yote. Hata hivyo sitakuficha kwamba mkopo ukiisha, kwa mapato haya, utabakiwa na 114,000, pungufu ya mshahara wa msaidizi wako. Katika kurasa zote hizo hakuna mstari unaoonyesha kwamba wewe umelipwa. Kaka yako anasema unakula mara moja kwa siku. Je, ni kweli?

Kwa hiyo, ukiamua kufunga Januari, mimi sitaona umeshindwa, na sitamruhusu mtu yeyote wa nyumba hii aseme hivyo. Ukiamua kuendelea, nakusihi uangalie majoho. Majoho matatu ya harusi ya mwezi Agosti yalikupa 180,000, sawa na sweta 90, na hayo mwenye mashine ya chapa hawezi kukunyang'anya. Lile la ukosi wa zari ulilonitumia picha nililionyesha kwa wanawake wa kisomo, na hakuna aliyeamini kwamba halikufanywa kwa mkono. Mimi mwenyewe nililitazama muda mrefu. Ule mzunguko wa kifuani ni wangu, ulikuwa kwenye kofia ya babu yako. Sikujua kwamba uliwahi kuutazama kwa makini kiasi hicho. Ila uzi wa zari, wewe mwenyewe umesema, unakatika usipopunguza mwendo, basi uutoze muda wake.

Kama ni mkopo lazima, ule wa halmashauri hauna riba na una fungu la wanawake, ingawa unatolewa kwa kikundi, na kikundi ni watu wa kuchaguliwa kwa uangalifu. Lakini hata huo, usubiri.

Chumba cha mbele kiko wazi tangu mpangaji aondoke mwezi Julai. Nimekipaka chokaa na kina mita yake ya umeme. Sikuandiki haya ili urudi. Najua wateja wa majoho wako huko. Nakutajia tu kwamba kodi yake ni bure. Bati la jikoni linavuja na fundi ameahidi kuja kabla ya mvua za vuli, na mdogo wako anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, hivyo redio tumeizima nyumba nzima.

Kikapu kitafika kwa basi la Jumatano jioni. Machungwa ya juu yaliwe kwanza, yameiva zaidi. Chini kabisa nimefunga kwenye kanga mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, kwa sababu nimesikia unatumia wembe. Nipigie Jumatano usiku, hata kama ni saa 6, nitakuwa macho.

Ni mimi mama yako.